Kuonana Ana kwa Ana na Rafiki wa Simuni

Katika zama za wazee wetu mgeni hakuja peke yake. Alikuja na mtu, au na barua ya mtu, au kwa uchache na jina la mtu ambaye wenyeji walimfahamu. Na kabla hajaketi na kupewa maji ya kunywa alikwisha kuulizwa ametoka kwa nani, ni wa ukoo gani, na nani awezaye kumdhamini. Mposaji alikuwa na mshenga, mfanyabiashara alikuwa na dalali, msafiri alikuwa na mwenyeji wake, na baina ya watu wawili wasiojuana palikuwa daima na wa tatu anayewajua wote wawili, ambaye shari ikitokea ataulizwa, na heri ikitokea atashukuriwa. Simu ya mkononi imetuletea neema nyingi ambazo sina nia ya kuzikana, walakini imemwondoa huyo wa tatu. Leo kijana aliyeko Marigat aweza kuzungumza kila usiku, miezi minane mfululizo, na mtu aliyeko Naivasha, akaijua sauti yake, mzaha wake, chakula akipendacho na maradhi yanayomsumbua mama yake, ilhali hapana kiumbe hata mmoja duniani anayewajua wote wawili. Makala haya ni juu ya siku ile ambayo watu hao wanaamua kuonana. Na ushauri wangu wote, hata pale utakapoonekana kuwa wazungumzia chai, nauli au saa ya kurudi nyumbani, watokana na rai moja, nayo ni kwamba yule wa tatu aliyeondolewa na simu sharti arudishwe kwa makusudi kabla siku hiyo haijafika.

Nawaandikia hasa watu wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati, kwa kuwa mji huu una bahati, au pengine mtihani, wa kuwa njia panda. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na tangu hapo kazi ya Nakuru imekuwa kukutanisha watu. Barabara ya Nairobi huingia kwa upande mmoja baada ya mwendo wa kilomita 160 hivi. Za Eldoret na Kericho huja kwa upande wa pili zikiwa zimekwisha kuungana kule Mau Summit. Ya Kabarnet na Marigat hupanda kutoka nyanda za Baringo, ya Nyahururu hupitia Subukia, na ile ya Njoro hushuka kutoka mashamba ya ngano na viazi. Basi watu wawili wanaoishi mbalimbali wakitafuta mahali pa katikati, aghalabu kidole chao huangukia hapa, na idadi yao haikupungua tangu Nakuru ilipotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Simama Jumamosi mchana penye Barabara ya Kenyatta uwatazame wapitao; hutakawia kumwona mmoja aliyesimama kando ya ukuta, simu sikioni, shingo ikizunguka huku na huku, akiuliza kwa sauti ya chini, "Umevaa rangi gani?" na hatua ishirini kutoka hapo mwingine akijibu swali lile lile huku naye amewapa watu mgongo.

Jambo hili si geni kama vijana wanavyodhani. Wenye umri wangu wanawakumbuka watu wa salamu, wale waliokuwa wakijaza kadi na kuzipeleka redioni, kwanza Sauti ya Kenya na baadaye KBC, zisomwe hewani pamoja na orodha ndefu ya wapokeaji, kila mmoja na lakabu yake ya majigambo. Mtu wa Molo alimjua mtu wa Voi kwa jina na kwa miaka, pasipo kuuona uso wake. Lakini watu wale walipotaka kuonana walifanya jambo ambalo sisi tumelisahau: waliunda vyama, wakawa na mwenyekiti na mwandishi na daftari la majina, na walipokwenda kumtembelea mwanachama mwenzao, iwe arusini au matangani, walikwenda kundi zima mchana kweupe, na jamaa wa nyumba ile wakajua nani amekuja na ametoka wapi. Hapakuwa na mtu aliyewaonya juu ya hatari; ilikuwa adabu yao tu, na adabu hiyo ilikuwa ngao.

Nianze na siku zinazotangulia kuonana. Ukitaka kumwona mtu ana kwa ana, mwone kwanza kwa simu ya video, tena zaidi ya mara moja, mchana na usiku, naye akiwa mahali palipo na watu wengine. Mtu ambaye kamera yake ni mbovu mwaka mzima, ambaye daima yu safarini, yu msibani au mtandao umekatika, amekwisha kukujibu, nawe ndiye unayekataa kulisikia jibu. Jina lake lilinganishwe na jina la mwenye laini: huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka wa 2007, huonyesha jina la anayepelekewa pesa kabla hujakubali kuzipeleka, na jambo hilo, ambalo liliwekwa ili watu wasikosee nambari, limefichua uongo mwingi kuliko lilivyokusudiwa. Yawezekana laini imesajiliwa kwa jina la kaka au la mama, na hilo si dhambi. Lakini muulize, na usikilize zaidi namna anavyojibu kuliko analolijibu. Mkweli hucheka akaeleza. Mwongo hukasirika, akasema kwamba humwamini, akataka aombwe radhi.

Kisha umtafute mtu wa tatu. Nchi yetu si kubwa kiasi hicho. Anayesema anaishi Kaptembwa au Free Area ana jirani, ana kanisa au msikiti, ana duka analokopa unga; aliyesoma Egerton au Kabarak ana wenzake wa darasa; anayefanya kazi katika mashamba ya maua Naivasha ana msimamizi na wenzake wa zamu. Mwambie bila kuficha, "Nataka kuongea na mtu mmoja anayekujua kabla hatujaonana, nami nitakupa nambari ya dada yangu uongee naye." Mizani ni sawa, maana unayemwomba dhamana nawe umempa yako. Wako watakaoona kwamba huku ni kumpekua mtu kama polisi. Mimi naona ni kumpa mtu heshima ile ile ambayo babu zetu walimpa kila aliyebisha hodi, na asiyeweza kumpata hata mtu mmoja wa kumsemea neno jema katika nchi ya watu milioni hamsini na ushei, basi kuna sababu.

Nije kwenye nauli, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Imekuwa desturi kwamba mwanamume humtumia mwanamke nauli ya kuja kumwona, na imekuwa desturi ya pili, iliyozaliwa na ile ya kwanza, kwamba baadhi ya wanawake huipokea nauli hiyo wasije. Kula nauli kumekuwa mzaha wa taifa. Mtu yu kitandani kwake Nairobi, shuka imefika kidevuni, anaandika, "Ndio tunatoka steji". Baada ya saa moja na nusu anaandika, "Tumekwama hapa mizani ya Gilgil, foleni si foleni". Kisha simu inazimwa, na bwana yule aliyenyoa nywele na kupiga shati pasi anabaki kituoni akikagua kila matatu inayoteremsha abiria, mpaka makanga wanaanza kumwuliza kama amepotelewa na mzigo. Watu hucheka. Nami hucheka, lakini nikimaliza kucheka naona kwamba pande zote mbili zimekosa kosa moja, kwa kuwa zimegeuza kuonana kuwa biashara hata kabla ya kuonana. Aliyekula nauli amekula mali ya mtu kwa hadaa, wala sina jina la adabu la kukiitia kitendo hicho. Lakini aliyetuma naye mara nyingi hakutoa sadaka. Moyoni amekwisha kuandika deni, na binti wa watu akifika anakuta kwamba shilingi mia chache zimekwisha kununua mchana wake, na kwa hesabu ya mwenyewe zimenunua na usiku pia. Nilimsikia kijana mmoja akilalama mbele ya wenzake kwamba msichana "alitumiwa nauli, akala kuku, kisha akaondoka saa kumi," kana kwamba kuondoka saa kumi ni jinai, na wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Kwa hiyo kila mtu na ajilipie nauli yake, ya kuja na ya kurudi. Asiye na nauli asisafiri. Ama mwenzake amfuate, ama wangoje mwisho wa mwezi, kwani mapenzi yasiyoweza kungoja wiki mbili hayataweza kungoja jambo lolote. Nauli ya kurudi iwe mkononi mwako tangu unapotoka nyumbani, na iwe na ziada, kwa sababu siku za sikukuu na za kufungua shule nauli hupanda bila kumwuliza mtu, na aliyekwama mji wa watu saa tatu ya usiku kwa kupungukiwa shilingi mia mbili hulazimika kumtegemea yule yule ambaye labda alitaka kumkimbia.

Saa ya kuonana iwe ya mchana, tangu saa nne ya asubuhi hadi saa tisa hivi, ili hata mkichelewa jua lisiwatangulie. Mahali pawe pale ambapo mtu huingia bila kualikwa na kutoka bila kuaga: mkahawa wa Barabara ya Kenyatta wenye wahudumu na meza zilizojaa, jengo la maduka kama Westside, au bustani ya Nyayo Gardens iliyo katikati ya mji, ambako mchana watu hupumzika na kula miwa. Uchague wewe, au mchague pamoja, na palipochaguliwa pasibadilishwe dakika ya mwisho. Neno la "njoo tu huku kwangu, si mbali, boda inakuja kukuchukua" ndilo neno ambalo likisemwa wewe hugeuka na kurudi ulikotoka, hata kama limesemwa kwa sauti ya malaika. Na huyo wa boda aliyetumwa kukuchukua usimpande, maana humjui aliyemtuma na humjui yeye.

Kuna mahali pazuri ambapo si pa siku ya kwanza. Kilele cha Menengai, penye ukingo wa shimo lile kubwa la volkano ambalo upana wake wafika kilomita 12, kina mandhari ambayo hapana mtu aliyeyaona akayasahau, na kwa sababu hiyo hiyo vijana hupenda kuyapendekeza; lakini kukifikia hupitia msituni, na siku zisizo za mapumziko unaweza kukaa pale kitambo kirefu bila kumwona mtu wa kumpungia mkono. Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyokuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, ina walinzi na malango, nawe utadhani huo ni usalama. Kumbe ndani humo watu hawaruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, maana mna simba na vifaru na nyati, na kwa hiyo ukishapita langoni wewe u mateka wa gari la mtu, akienda unakwenda, akisimama unasimama. Hyrax Hill, kwa upande mwingine, ile makumbusho ndogo kandokando ya barabara ya Nairobi ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya watu wa kale mwaka wa 1937, ina watunzaji walio karibu na njia fupi za kutembea, na naipendekeza sana kwa siku ya pili. Nashangaa jinsi wenyeji wa Nakuru wanavyoipita kila siku bila kuigeukia.

Naivasha ina jambo lake. Tangu mbio za magari za Safari ziliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na makao yake yakawa huko, kumeingia desturi ya vijana wanaojuana kwa makundi ya simu tu kuchangishana pesa za magari na mahema, wakaenda kulala kandokando ya ziwa siku tatu. Furaha ile siwezi kuiharamisha. Nasema tu kwamba mtu asikutane kwa mara ya kwanza na asiyemjua mahali ambapo siku imekwisha kupangwa iishie hemani. Nenda na watu wako, hema yako iwe na watu wako, na rafiki wa simuni umkute penye vumbi la magari mchana, kati ya maelfu.

Na nyumba za kukodi kwa siku? Mwezi wa Januari 2024 nchi ilishtuka kwa mauaji ya wanawake wawili vijana mjini Nairobi, siku chache baina ya la kwanza na la pili, yote mawili katika nyumba za namna hiyo, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu waliandamana Nairobi na katika miji mingine wakidai mauaji ya wanawake yakome. Kosa la mauaji ni la muuaji, na atakayemlaumu maiti mbele yangu tutagombana. Lakini naona wajibu kusema jinsi nyumba hizo zilivyo, kwani ziko Nakuru pia, Milimani na Section 58 na kwingineko, na wenye nyumba wengi ni watu wa haki. Hoteli ya kale ilikuwa na karani mlangoni, aliyeandika jina na nambari ya kitambulisho ya kila aliyeingia, akamtazama usoni, akamjua akitoka. Katika nyumba nyingi za kukodi anayejulikana ni mmoja tu, yule aliyelipa, na ufunguo huachwa kwa bawabu. Wa pili huingia hana jina. Pameondolewa tena yule wa tatu, na safari hii pamoja na kuta nne.

Nieleze sasa namna mama mmoja wa Lanet alivyofanya. Mpwa wake alikuwa amezungumza na kijana wa Molo kwa muda mrefu, na ilipofika siku ya kuonana binti alimwendea shangazi yake akiwa na hofu ya kukemewa. "Nenda, mwanangu," shangazi akamwambia, "ila na mimi siku hiyo nina kiu ya chai." Wakaenda mjini kwa matatu mbili mbalimbali. Shangazi akaketi meza ya pili kutoka kwao, uso ukielekea mlangoni, mkoba magotini, akaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili, na patano likawa kwamba binti akiitoa leso yake akaiweka juu ya meza, shangazi atainuka na kumshangilia kana kwamba wamekutana kwa nasibu. Leso haikutoka. Baada ya nusu saa kijana mwenyewe, ambaye hakuwa mjinga, akauliza polepole, "Yule mama anayetutazama ni wa kwenu?" Binti akasema ndiye shangazi yake. Kijana akainuka, akaenda mpaka meza ile, akainama kidogo. "Habari yako, mama. Ningejua uko hapa ningekusalimu kwanza." Shangazi akamtazama tangu viatu mpaka kichwa, akamjibu, "Rudi ukae na mwenzako, kijana wangu, chai yangu bado." Mambo ya wale wawili hayakufika penye ndoa, lakini shangazi mpaka leo hununua viazi vyake kwa yule kijana, ambaye ni mkulima, na husema kwamba gunia lake halina mawe chini.

Si kila mtu ana shangazi wa namna ile, na si lazima msindikizaji aketi karibu kiasi kile. Yatosha mtu mmoja wa kuaminika awe na jina la unayemwendea, picha yake, nambari yake, mahali na saa; awe anaona kwa simu yake mahali ulipo, kama WhatsApp inavyowezesha; na mwe mmepatana kwamba saa fulani atakupigia, na kwamba ukimwuliza, mathalan, kama ng'ombe amekwisha kukamuliwa, ajue una shida. Wala usilifiche hilo kwa mwenzako. Mwambie umeaga nyumbani. Mwema atafurahi, na mwovu atavunja safari.

Wanaume wasijidanganye kwamba maneno haya ni ya wanawake. Katika miji yetu yote, Nakuru ikiwamo, wako wanaume waliotiliwa mchele, yaani dawa ya kulevya, katika vinywaji vyao, wakaamka kesho yake katika chumba wasichokijua, simu imekwenda, pesa za M-Pesa zimekwisha, na juu ya hayo mikopo imechukuliwa kwa majina yao. Na kuna waliopoteza roho. Aghalabu mwathirika haendi polisi, kwa haya, hasa akiwa na mke nyumbani, na haya hiyo ndiyo mtaji wa wezi. Basi siku ya kwanza isiwe ya pombe. Kinywaji kifunguliwe mbele ya macho yako, na ukiinuka kwenda msalani, ukirudi uagize kingine. Kadi za benki zibaki nyumbani, pesa ziwe za matumizi ya siku, na nambari ya siri ya simu yako isifanane na mwaka wako wa kuzaliwa, ambao ulikwisha kumwambia mwenzako siku ile mlipokuwa mkihesabiana umri.

Nje kidogo ya Nakuru, upande wa Njoro, liko kasri la mawe ambalo Lord Maurice Egerton, yule Mwingereza aliyeanzisha shule ya kilimo mwaka wa 1939 iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton, alilijenga kwa miaka mingi. Na wenyeji husimulia kwamba alimjengea mwanamke aliyempenda, mwanamke akaja, akatazama, akakataa, akaenda zake, na bwana yule akaishi humo na uchungu wake mpaka kufa kwake mwaka wa 1958, asitake kumwona mwanamke katika ardhi yake. Iwe kweli yote au iwe imetiwa chumvi, hadithi hiyo yatufaa. Katika miezi ya kuzungumza kwa simu kila mmoja wetu hujenga kasri, chumba baada ya chumba, kwa sauti ya mtu na picha zake tatu nzuri, na ikifika siku ya kuonana huja mtu mwenye urefu wake, meno yake na namna yake ya kutafuna. Hana deni la kasri letu. Picha ikizidi sura, kwa miaka mitano au kwa kilo kumi, una haki ya kukata tamaa, lakini huna haki ya kumfedhehesha. Kunywa chai yako, zungumza dakika thelathini za heshima, lipa ulichokula, kisha sema, "Nashukuru kwa kuja. Sidhani tutaendelea, lakini nimefurahi kukuona." Mwambie hapo hapo, usije ukamkwepa kwa kumzimia simu siku ya pili. Na aliyeambiwa hivyo akubali, asiulize sababu mara tatu, asimfuate mwenzake mpaka kituoni.

Wala usimpige mtu picha bila idhini yake ukamtundika mitandaoni. Kwa wale ambao huchukua picha za faragha wakazitumia kumtisha mtu ili atoe pesa, sheria yetu ya mwaka wa 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandaoni imeweka kwa kuzisambaza faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Anayetishwa asilipe hata senti, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Ahifadhi ujumbe wote kama ulivyo, aende kituo cha polisi pamoja na mtu wa kumshika mkono.

Juu ya biashara nitasema kwa ufupi, maana kanuni ni ile ile. Anayeuza simu, ng'ombe wa maziwa au mbegu za viazi umwendee mchana pamoja na mwenzako, uone mali kabla ya kutoa pesa, na malipo yapite kwa simu ili yabaki na jina. Kiwanja usikinunue kwa picha. Kaulizie hati yake ofisi ya ardhi, kisha uwaulize majirani wa kiwanja chenyewe. Na anayekuahidi kazi ya Ughaibuni au ya jeshi, akataka mkutane hotelini na ada mkononi, huyo usionane naye kabisa.

Aliye chini ya umri wa miaka 18 asiende kuonana na mtu wa simuni ila akiwa na mzazi wake. Hapo sina mjadala, na mtu mzima anayemtaka mtoto aje kwa siri amekwisha kujieleza. Nambari ya 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Yakitokea maovu, Mungu apishe mbali, hospitali huja kwanza. Aliyetendewa jeuri ya kimwili asioge, asifue nguo zake, azifunge katika karatasi badala ya mfuko wa nailoni, na afike hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wenyeji bado huiita PGH, au hospitali yoyote iliyo karibu, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai baada ya muda huo, na kila saa inayotangulia ni faida. Polisi wana dawati la jinsia, na simu ya 1195 hupokelewa bila malipo na watu waliofunzwa kusikiliza. Asimwogope atakayemwuliza, "Na wewe ulikwenda kufanya nini?" Alikwenda kunywa chai.

Nimesema mengi na vijana. Lililobaki ni la wazazi. Nimeuliza vijana wengi kwa nini waliondoka nyumbani wakisema wanakwenda kanisani au maktaba, ilhali walikuwa wanakwenda kuonana na mtu, na jibu halikubadilika: wangesema kweli wangegombezwa, wangenyang'anywa simu, wangeitwa majina. Basi kwa ukali wetu tumejiondoa wenyewe katika ile nafasi ya wa tatu, tukaiacha wazi, kisha tukashangaa. Enyi akina mama na akina baba wa Nakuru, wa Gilgil na Molo na Njoro, wa Baringo na Nyandarua, mtoto wenu aliye mtu mzima akija kuwaambia kwamba Jumamosi anakwenda kumwona mtu aliyemjua kwa simu, mwulizeni jina la mtu huyo, nambari yake, mahali na saa, yaandikeni, kisha mpeni nauli ya kurudi.